Sheria Nayo Ina Mama Zake

Leo tumtafakari Julie Manning.

Mwaka 1963 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kusomea sheria katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Alipanda hadi kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamteua Waziri wa Sheria. Yeye na Tabitha Siwale ndio wanawake wa kwanza kuingia Baraza la Mawaziri.

Utauliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa vibanja, mashamba yetu ya migomba? Yanatuhusu sana. Mama mmoja wa huku kwetu Kagera alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza. Mpwa wake akapinga, kwa kuwa mila ya Wahaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba. Mwanamke na mwanamume wana haki sawa.

Hukumu hiyo aliiandika mwanamume, na ni vyema, maana haki haina jinsia. Lakini binti akijua kwamba mwanamke mwenzake amewahi kuketi katika kiti cha jaji, hasiti kupeleka shauri lake mahakamani.

Basi baba, ukigawa kibanja, andika wosia, na jina la binti liwemo. Nawe mama, msomeshe.