Khofu si Hukumu

Ndugu zetu wasomaji, yapasa tuulizane: Je, mtu akikiogopa kiumbe, khofu yake hiyo yatosha kuwa haki ya kukiua? Wengi wetu hujibu kwa kiatu kabla ya kujibu kwa akili.

Natutwae mfano. Katika kisiwa cha Sokotra, kilicho sehemu ya Yemen, yuko buibui mkubwa mwenye manyoya, aishiye ardhini. Kabila lake wataalamu wameliita Monocentropus, na ndugu yake mmoja yuko Bukini. Huyu wa Sokotra alielezwa na Pocock mwaka 1897, akapewa jina la Balfour, mtaalamu wa mimea aliyezuru kisiwa hicho mwaka 1880. Miguu yake ni ya buluu, na mwili wake una rangi ya mchanga.

Amwonaye mara ya kwanza hushituka. Lakini na amtazame mara ya pili. Hatandi utando hewani. Hukaa shimoni, akalitandika hariri yake, akangoja wadudu wapitao. Mama hukilinda kifuko cha mayai yake, na watoto wakisha kuanguliwa hawatawanyiki upesi kama wa buibui wengi, bali hukaa pamoja naye. Kuumwa naye kwauma, hatukatai. Lakini hamwandami mtu, na akiona kishindo hukimbilia shimoni.

Basi khofu ni sifa ya nani? Ni sifa ya mwenye kuogopa, si ya mwenye kuogopwa. Mtu asemapo, "Huyu anatisha," ametoa khabari ya moyo wake, wala hajathubutisha kosa la mwenziwe. Wazee walisema usilolijua ni usiku wa giza. Na mwenye kupiga gizani hajui ampigaye.

Huenda mtu akatwambia: "Je, nge akiingia kitandani mwa mtoto, tumwache?" La, hatusemi hivyo. Kuondoa madhara ni wajibu. Twasema tu kwamba madhara hupimwa kwa kitendo, na sura si kitendo.

Kuna na upande wa pili, ambao husahauliwa. Ulaya na Marekani wako watu wampendao buibui huyu kwa uzuri wake, wakamfuga katika visanduku vya kioo. Wengi wa hao wafugwao wamezaliwa humo humo, na hilo halikipunguzii kisiwa kitu. Lakini amtoaye shimoni mwake kisiwani ili amuuze, huyo naye, japo adai mapenzi, amefanya sawa na yule wa kiatu: shimo limebaki tupu. Na kiumbe wa kisiwa kimoja akitoweka hapo, hakuna pa kumleta. Sokotra ilitiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na asilimia 90 ya aina za wanyama watambaao wake hawapatikani popote pengine.

Chuki na mapenzi, basi, zote mbili zaweza kudhulumu, iwapo kila moja yajitazama nafsi yake tu. Insafu ni kukitazama kitu chenyewe kilivyo, kisha ndipo kuhukumu.

Na hili si la buibui peke yake. Mwenye kuzoea kuhukumu kwa sura mdudu aliye ukutani, hatachelewa kumhukumu hivyo hivyo jirani aliye mlangoni.