Leta Kikapu, Simulia na Njia

Somo: Kumbukumbu la Torati 26:1–11
Mistari ya kusaidia: 1 Samweli 17:34–37, 2 Wafalme 20:12–19, Nehemia 3



Wale mlikuwa ibadani mliusikia ujumbe huu kwa sauti. Hapa nimeuandika kwa ufupi, ili hata ndugu waliokuwa zamu kazini, waliokuwa safarini na walio wagonjwa wapate sehemu yao. Soma Biblia ikiwa wazi.

Nianze na swali. Wewe kama mtoto wa Mungu, unaruhusiwa kusema, "Jambo hili nimelifanya, na ninafurahi kwamba nimelifanya"? Umemaliza kulipa karo ya mtoto wa mwisho. Umeshika hati ya shamba mkononi. Umefungua kibanda chako baada ya kufanyia wengine kazi miaka tisa. Je, usimame mbele ya watu useme, au unyamaze uonekane mnyenyekevu?

Katika kanisa tuko makundi mawili. Kundi la kwanza linanyamaza. Wengine walilelewa wakiambiwa kujitaja ni kiburi. Wengine wanaogopa macho ya watu. Na wengine, tuseme ukweli, wanajua ukishatangaza umepata, kabla ya jioni simu zimeanza: "Nisaidie elfu mbili tu, nitarudisha mwisho wa mwezi." Usicheke, jirani yako anajua nasema nini.

Kundi la pili linasema, tena linasema sana. Wiki nzima ni picha kwa status: gari upande huu, gari upande ule, funguo za gari. Jumapili wakipewa maikrofoni, mashemasi wanaanza kuangalia saa.

Neno la leo lina ujumbe kwa makundi yote mawili.

Kwanza: kusema ni agizo

Katika somo letu, Musa anawapangia wana wa Israeli siku watakapovuna katika nchi ya ahadi. Mtu atachukua malimbuko ya shamba lake, atayatia kikapuni, atampelekea kuhani. Hapo tunaelewa, ni sadaka. Lakini angalia mstari wa 5: akishafika, hawezi kuweka kikapu chini kimya kimya na kurudi nyumbani. Anatakiwa afungue kinywa. Na maneno yenyewe ameandikiwa.

Kwa hivyo, wewe unayenyamaza ukidhani kunyamaza ndiyo utakatifu, Mungu mwenyewe alitaka mkulima aseme.

Mtazame Daudi mbele ya Sauli. Kijana wa kondoo, hana cheo, lakini anaanza kumhesabia mfalme kazi alizofanya: simba alikuja, dubu alikuja, nikawapiga. Mbona Sauli hakumwambia anajigamba? Kwa sababu jeshi zima lilikuwa limetetemeka siku 40, na yeye alikuwa na habari waliyoihitaji. Na alipofika mwisho wa hadithi yake, alimtaja Bwana kama ndiye aliyemwokoa na makucha yale. Ushindi wa jana alioupata porini ukawa ujasiri wa leo kwa taifa.

Mama, wewe uliyebaki mjane na watoto watatu, ukauza omena sokoni mpaka wa mwisho akamaliza kidato cha nne. Kuna dada katika kanisa hili amezika mume wake juzi juzi. Usiku hapati usingizi, anapiga hesabu ya karo. Ukinyamaza, yeye atajuaje kuwa inawezekana? Unyenyekevu wako unamnyima mwenzako dawa.

Lakini kuna hekima. Si kila jambo ni la kila mtu. Yusufu alisimulia ndoto zake kwa ndugu ambao tayari walikuwa wanamchukia, na chuki ikazidi. Mariamu naye, wachungaji walipokuja na habari kubwa, aliyaweka moyoni akayatafakari. Hakuna aliyekuagiza utangaze una pesa ngapi benki. Uliza swali moja kabla ya kusema: habari hii itamjenga nani?

Pili: angalia unafungua mlango gani

Hezekia alikuwa mfalme mzuri. Aliugua akakaribia kufa, akalia mbele za Mungu, akaongezewa miaka 15. Ishara yake ilikuwa kivuli kurudi nyuma madaraja 10. Ushuhuda wa namna hiyo nani ameupata hapa?

Ndipo wajumbe wakaja kutoka Babeli na zawadi. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati 32:31 kinatuambia walikuja kuuliza habari za ile ajabu. Yaani, mataifa yamefunga safari yakitaka kusikia Mungu wa Israeli amefanya nini! Na Hezekia akafanya nini? Akawafungulia ghala. Hapa ni fedha, hapa ni dhahabu, hapa ni manukato, huku ni silaha. Isaya alipomuuliza wageni wameona nini, alijibu kwamba hakuna kitu ambacho hakuwaonyesha.

Kumbe kimoja hakuwaonyesha. Hatusomi popote katika habari ile kwamba aliwaonyesha Mungu. Waliulizia ajabu, wakapewa ziara ya stoo. Na Isaya akamwambia siku inakuja vyote hivyo vitabebwa mpaka Babeli.

Wapendwa, mtu akikuuliza, "Ulifikaje hapo?", huyo amefunga safari kama wale wajumbe. Usimpeleke stoo.

Tatu: simulia na njia

Turudi kwa yule mkulima na kikapu chake. Maneno aliyopewa aseme yanaanza mbali sana. Anaanza na babu aliyekuwa Mwarami wa kutangatanga, karibu kupotea. Halafu Misri, wakiwa watu wachache. Halafu mateso na kazi ngumu. Halafu kilio. Halafu mkono wa Bwana. Mavuno ya mwaka huu anayafikia mwisho kabisa, mstari wa 10.

Sisi ushuhuda wetu mara nyingi unaanzia mstari wa 10. "Mungu amenipa gari, hallelujah!" Basi. Gari lilitoka wapi? Kama ni mkopo wa sacco wa miezi 48, sema ni mkopo. Mungu haoni aibu kwa mkopo unaolipwa kwa uaminifu. Lakini ukilisimulia kama limeshuka kutoka mbinguni Jumanne usiku, kuna kijana kule nyuma ataenda nyumbani akijiuliza ana dhambi gani hata yeye hajashushiwa. Mwingine ataenda kuchukua mkopo wa simu juu ya mwingine ili naye Jumapili ijayo aonekane amebarikiwa. Nimekaa ofisini na wanandoa waliofika hapo. Samani zilikuwa zimechukuliwa, na bado walikuwa wanaogopa kanisa lijue.

Yule mwanamke aliyegusa vazi la Yesu, katika Marko 5, alimweleza kweli yote. Yote! Miaka 12, waganga, pesa zilizoisha, na jinsi alivyokuja kwa kujificha. Ushuhuda uliokatwa miguu hauwezi kutembea na mtu mpaka nyumbani kwake.

Nne: taja majina

Nehemia alijenga ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52. Kama kuna mtu alikuwa na haki ya kusema "nilijenga", ni yeye. Lakini fungua sura ya 3. Wengi tunairuka kwa sababu ni majina matupu: huyu alijenga pale, na baada yake fulani, na baada yake fulani. Kuna makuhani, wafua dhahabu, watengenezaji wa marashi, wafanyabiashara. Mstari wa 12 kuna Shalumu, aliyefanya kazi pamoja na binti zake. Watu wa marashi wakibeba mawe! Nehemia hakutaka wasahaulike, akawaandika. Mpaka leo tunawasoma.

Sisi Wakenya tuna mfano wetu. Tarehe 12 Oktoba 2019, kule Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hakuna mwanadamu alikuwa amewahi kumaliza mbio hizo chini ya saa mbili. Wengi wenu mlikuwa mbele ya televisheni asubuhi hiyo. Mliona wale waliomzunguka? Walikuwa wakimbiaji 41, wakipokezana zamu, kazi yao kumkinga upepo na kushika mwendo. Karibu na mwisho walimpisha, akamaliza mbele yao, nao nyuma wakishangilia kama wameshinda wao. Kwa sababu ya mpango ule haikuhesabiwa rekodi rasmi ya dunia, na jambo hilo halikufichwa. Je, limempunguza Kipchoge? Hata kidogo. Kila aliyeona anajua alikimbia yeye, kwa miguu yake.

Na wewe una watu wako 41. Mwalimu aliyekuacha ukae darasani bila karo. Shangazi aliyeuza mbuzi. Wanakijiji waliokuja harambee na mia mia zao. Ukisema "Mungu amenifikisha" ukawaruka, umemsifu Mungu na kuificha mikono aliyoitumia. Wataje. Ikiwezekana, wapigie simu kabla hujasimama hapa mbele.

Tano: hakuna kipimo cha kikapu

Soma somo letu tena polepole. Musa ametaja kikapu, lakini hajasema kiwe na ukubwa gani. Mwenye shamba kubwa na mwenye kipande kidogo wanasimama kwa kuhani yule yule na kusema maneno yale yale.

Ndugu mmoja wa kanisa hili alikuja kuniona katikati ya wiki. Ameniruhusu niandike haya bila jina. Alisema, "Pasta, tarehe kama ya jana mwaka uliopita ndiyo niliacha pombe. Nimemaliza mwaka."

Nikamuuliza, "Na Jumapili mbona hukusimama?"

Akasema, "Aliyenitangulia alishuhudia lori. Sasa mimi nisimame niseme sijalewa?"

Nikamwomba anisimulie mimi. Akaniambia ana binti wa gredi ya tatu. Zamani mtoto akisikia kikohozi chake langoni, alikuwa anabeba vitabu na kuingia chumbani. Siku hizi anabaki mezani. Anamwita baba aangalie kazi yake ya shule. "Na hesabu zenyewe zinanishinda, pasta," akasema, akacheka, halafu akanyamaza muda mrefu.

Wapendwa, kama kikapu kile hakina nafasi madhabahuni, basi madhabahu yetu ina shida. Tuna tabia ya kupima. Matokeo ya KCSE yakitoka, mtoto wa A anabebwa mabegani, nyimbo mpaka barabarani. Huyo apigiwe makofi, ameyafanyia kazi. Lakini kuna mwingine alisoma akiuguza mama yake, akapata C ambayo kwake ni mlima. Nani atambeba huyo? Kanisa likimbeba mmoja tu, yule wa pili anajifunza kujificha, na anayejificha hachelewi kupotea.

Mwisho: ule nao

Mstari wa 11 unamaliza kwa furaha, na wanaofurahi wametajwa: mwenye kikapu, nyumba yake, Mlawi, na mgeni aliye kati yao. Mlawi hakugawiwa eneo kama kabila nyingine. Mgeni hana urithi. Wote wawili hawana kikapu cha kuleta mwaka huo, lakini wameitwa mezani. Ushuhuda wa kweli unaacha kiti kwa asiyevuna.

Kwa hivyo mwezi huu wote, wakati wa shuhuda tutafanya hivi. Ukisimama, utasema mambo matatu: ulikotoka, watu waliokushika mkono, na mahali ulipoona mkono wa Mungu. Ukishamaliza, usikimbie kuketi. Tutawaita wale ambao bado wanangojea kitu hicho hicho, awe ni mtoto, kazi au kuacha pombe, na wewe uliyepata ndiye utawaombea.

Tuombe: Baba, asante kwa kila kikapu katika nyumba hii. Fungua kinywa cha anayeogopa kusema. Tuliza moyo wa anayependa kujionyesha. Wakumbuke waliotubeba, na hata wale ambao majina yao hatuyajui. Na yule anayengoja bila mavuno mwaka huu, asiketi mbali na meza. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni jambo gani jema umelifanya ambalo hujawahi kulisimulia? Ni nini kilikuzuia?
2. Taja watu watatu "waliokukinga upepo". Ni yupi bado hujamshukuru?
3. Katika kundi letu, ni ushuhuda wa namna gani hupigiwa makofi, na ni upi hupita kimya? Tutabadilisha nini?