Dhima ya Mwenye Kupiga Asichokiona

Yaulizwa: mtu akiua kwa silaha ya masafa ya mbali, asimwone amuuaye wala asisikie kilio chake, je, umbali huo wampunguzia dhima? Swali hili si la mchezo, kwani mataifa makubwa yashindana kuusogeza mbali mkono wao, mwaka hata mwaka.

Natutazame Uchina. Tarehe 14 Mei 1965 Wachina walilijaribu bomu lao la pili la atomiki huko Lop Nur, wakaliangusha kutoka ndege ya H-6, iliyofuatishwa Tu-16 ya Kisovieti. Siku zile rubani hakuwa na budi kufika juu ya mahali apigapo. Baadaye likaja kombora la KD-63, lirushwalo kutoka kilomita 200 hivi. Kisha likaja KD-20, nalo lakadiriwa kwenda zaidi ya kilomita 1,500, yaani kama mara tatu ya masafa ya Mombasa na Nairobi. Kombora la namna hii, liitwalo la kruzi, lina mabawa na injini yake. Hupita chini karibu na ardhi ili rada zisilione, nalo hujiongoza lenyewe hata likafika. Ndege ya H-6K, ya ukoo ule ule wa mwaka 1965, huchukua sita. Ndege ni ile. Kilichobadilika ni kwamba mwenye kupiga haoni tena apigacho.

Wenye kuzitetea silaha hizi wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba zina shabaha, basi zina huruma kuliko mabomu ya kumwaga ovyo. Hoja hii ina haki yake. Lakini tukumbuke usiku wa tarehe 7 Mei 1999, Marekani ilipoupiga ubalozi wa Uchina mjini Belgrade kwa mabomu yaongozwayo na setilaiti, wakafa waandishi wa habari watatu wa Kichina. Mabomu hayakukosa, yalifika pale pale yalipotumwa. Marekani yenyewe ilisema kwamba mahali ndipo palipokosewa katika ramani. Basi kosa halikuwa la mkono, lilikuwa la kalamu.

Hapo ndipo penye jawabu letu. Atupaye jiwe gizani aweza kudai kuwa hakukusudia. Lakini mwenye silaha isiyokosa, udhuru wake u wapi? Shabaha haipunguzi dhima, bali yaizidisha.

Hoja ya pili, kwamba mrushaji hutii amri tu, haina uzito. Dhima si mkate, hata ikigawanywa kila mmoja apate kipande kidogo. Achaguaye mahali, aandikaye na afyatuaye, kila mmoja aichukua nzima.

Wachina waliwalilia watu wao, na walikuwa na haki. Lakini wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Kila taifa lenye makombora haya, liwe la mashariki au la magharibi, yalipasa kujiuliza kabla ya kuandika mahali pa kupiga: ni nani alalaye hapo?