Shida Ikiingia Bila Hodi



Sisi Wakristo tukipatwa na shida ya ghafla, mara nyingi husema, "Ni mpango wa Mungu." Neno hili ni zuri. Lakini leo ningependa tujiulize: mume anapomwambia mkewe hivyo, au mke mumewe, je, anamfariji au anamnyamazisha?

Niwaambie yaliyonipata mimi. Mwezi wa Machi 2020 shule zote hapa Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wakati huo nilikuwa karani katika shule moja ya binafsi, na ukatekista nikiufanya Jumamosi na Jumapili. Mshahara ulikoma. Makanisa nayo yakafungwa, hivyo hata ile heshima ya kuitwa mwalimu sikuwa nayo tena. Mke wangu aliponiuliza watoto watakula nini, nilimjibu, "Mama, mwamini Mungu, yeye ana mpango." Kisha nikaketi. Yeye akatafuta unga na mafuta, akaanza kupika mandazi na kuwauzia majirani. Siku moja alirudi na pesa nyingi kuliko kawaida, nami, badala ya kushukuru, nikamwuliza amezitoa wapi. Alinitazama tu.

Baadaye nilijiona katika Kitabu cha Tobiti. Wengi wetu tunakijua kwa ajili ya ile sala ya Tobia na Sara ambayo husomwa kwenye arusi. Lakini kabla ya arusi hiyo tunakuta nyumba ya wazazi wake Tobia, yaani Tobiti na Ana, waliokuwa uhamishoni Ninawi. Tobiti alizika maiti za ndugu zake waliouawa, ingawa kufanya hivyo kulihatarisha maisha yake. Usiku mmoja, akiwa ametoka kuzika, alilala uani kando ya ukuta, kinyesi cha ndege kikamwangukia machoni, na mwishowe akawa kipofu. Angalieni vizuri: taabu ilimpata akitoka kutenda mema! Ana akaanza kufuma nguo za watu ili apate riziki. Siku moja wenye kazi walimlipa ujira wake, wakamwongezea na mwana-mbuzi. Tobiti aliposikia mbuzi analia, alidhani ameibwa, akaamuru arudishwe kwa wenyewe. Hapo Ana akamwuliza kwa uchungu, sadaka zake na matendo yake mema yamemfaa nini.

Kuna wanaomlaumu Ana kwa maneno hayo. Mimi nadhani wanamwonea. Mama huyu alikuwa amechoka, na yeye aliyeilisha nyumba ndiye aliyeshukiwa wizi. Imani ya Tobiti kwa Mungu ilikuwa kubwa, ila hakuweza kuliamini neno la mkewe aliyesema kweli.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inatufundisha kwamba Mungu hasababishi uovu. Anauruhusu, na anaweza kutoa mema ndani yake, kwa njia ambazo mara nyingi hatuzijui tukiwa hapa duniani. Nasisitiza: hatuzijui. Tobiti alimwajiri kijana mmoja kwa drakma moja kwa siku ili amsindikize mwana wao safarini, wala yeye na Ana hawakujua kwamba ni malaika Rafaeli. Ana alishinda akitazama njia na kulia, akidhani mwanawe amekufa. Kwa hiyo unapomwambia mwenzako aamini mpango wa Mungu, usijifanye wewe umeonyeshwa mpango wenyewe. Hamjui nyote wawili.

Mimi aibu ilinizuia siku tatu nzima kabla ya kumwomba mama watoto msamaha. Tangu hapo nikawa naamka saa kumi alfajiri kumkandia unga. (Mandazi niliyoyakaanga mwenyewe yalikuwa magumu, na watoto hawajaacha kunicheka.) Januari 2021 shule zilifunguliwa kwa wanafunzi wote, nikaitwa tena kazini. Wenzangu wawili hawakuitwa, na sina neno la kuwaambia wake zao kwa nini mimi na si wao.

Jioni ya leo, baada ya Rozari, someni pamoja sura ya pili na ya tatu ya Kitabu cha Tobiti. Mke asome maneno ya Tobiti, na mume asome ya Ana.