Kidonda cha Leo na Elimu ya Kesho

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad:

Ndugu Waislamu, Januari 2025, vita vilipoingia mjini kwetu Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilijaa majeruhi kupita vitanda vyake. Risasi hupita mara moja, kidonda hukaa. Wapo waliookoka na mauti, lakini kovu limekaza mkono au limeharibu uso.

Hapo watu huuliza maswali mawili. La kwanza: kumtengeneza mtu uso, je, si kubadili maumbile ya Mungu? Jibu tunalo kwa Sahaba Arfaja bin As'ad. Alikatwa pua katika vita vya Kulab, akaweka pua ya madini ya fedha, ikaanza kunuka. Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kurudisha kilichoharibika si sawa na kutafuta urembo. Na tazameni: fedha ilishindwa, dhahabu ikafaa. Kujaribu, kuona kasoro na kutafuta kilicho bora, huko ndiko kutafiti.

Swali la pili ni zito zaidi: jirani yangu anavuja damu, nitoeje franka zangu kwa utafiti ambao matunda yake huenda nisiyaone? Nasema: damu kwanza. Na zaka ina mafungu yake manane, hatuihamishi. Lakini mlango wa sadaka na wakfu ni mpana. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo na kuiwekea wakfu. Humo wagonjwa walitibiwa bure, na humo humo waganga walifundishwa. Tiba na elimu zilikula sahani moja.

Tukiwaachia wengine utafiti, watatafiti yanayowauma wao. Kuna kovu linalovimba na kupita mpaka wa kidonda, waganga huliita keloidi. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi kama sisi, na likikatwa tu mara nyingi hurudi. Nani alisumbukie zaidi yetu sisi?

Msiseme, "Sisi ni maskini." Muuguzi anayeandika katika daftari kidonda kipi kilifunga, kwa siku ngapi na kwa dawa gani, ameshaanza kazi hiyo. Mfanyabiashara anayemlipia kijana masomo ya upasuaji ana fungu lake.

Ila iwe kwa amana. Mgonjwa aelezwe na akubali mwenyewe. Umaskini wake usimfanye kuwa kitu cha kujaribia. Na hesabu ya michango isomwe mbele ya watu.

Tumefundishwa kwamba elimu yenye manufaa humwandikia mtu thawabu hata akiwa kaburini. Mwenyezi Mungu awaponye majeruhi wetu, na atujaalie tuwe sababu ya kupona kwa wale tusiowajua. Amin.

Wabillahi tawfiq.