Amana Ikivuja, Dhima ni ya Nani?



Siku hizi zipo shule, madrasa na maduka, Tanga kama kwingineko, yenye tovuti katika intaneti. Humo mzazi huandika jina la mwanawe, namba ya simu na mahali anapokaa. Aandikapo, ameweka amana. Je, amana hiyo ikiibiwa, dhima ni ya nani?

Wanazuoni wa fiqhi wamelieleza jambo hili tangu zamani. Aliyewekewa amana halipi kilichopotea pasi na kosa lake. Lakini akizembea kukihifadhi, hulipa. Basi tutazame uzembe huanzia wapi.

Tovuti nyingi hujengwa kwa WordPress, kisha hupachikwa programu-jalizi, yaani vipande vilivyotengenezwa na watu wengine ili kuiongezea tovuti kazi fulani. Kimojawapo, File Manager, ni cha kupangia mafaili, na mwaka 2020 kilikuwamo katika tovuti zaidi ya 700,000. Watengenezaji walikuwa wameacha ndani yake faili la mfano, na kwa faili hilo mtu yeyote, bila ya neno la siri, aliweza kuingiza programu yake katika tovuti ya mwenziwe na kuitawala. Tarehe 1 Septemba 2020 kiraka kilitolewa, tena bure. Hata hivyo mashambulizi yaliendelea, kwani wengi walikuwa hawajakitia.

Kabla ya kiraka, mwenye tovuti alikuwa na udhuru: hakujua. Lakini baada yake? Kukitia ni kazi ya dakika chache. Anayeacha miezi ipite hana tena udhuru, ingawa tundu hakulitoboa yeye.

Atasema, "Duka langu dogo, nani atalitaka?" Wezi hawa hawachagui, programu zao hubisha hodi kila mlango. Au atasema, "Fundi alinijengea, nikamlipa, akaenda zake." Lakini nahodha wa Pangani hawaambii abiria wa leo wakamwulize fundi aliyelitia jahazi kalafati mwaka juzi. Hulipandisha pwani, akalikagua na kulitia kalafati upya.

Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu wa chombo kimoja, ambao wa chini walitaka kutoboa upande wao ili wapate maji bila ya kuwaudhi wa juu. Wakiachwa, huangamia wote. Wakizuiwa, huokoka wote.

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yamtaka mwenye kukusanya taarifa za watu azilinde. Lakini Muislamu hangoji hakimu ndipo aitunze amana. Mwenyezi Mungu amekwisha kumwamrisha.

Basi wewe mwenye tovuti, mwulize fundi wako leo: ni vipande gani vimo humo, na mara ya mwisho vilitiwa kiraka lini? Usichokihitaji, king'oe. Nawe mzazi, kabla hujaandika jina la mwanao, uliza ni nani atakayelitunza. Kuuliza si kumtuhumu mtu. Ni kumsaidia asije akaingia katika khiyana bila ya kukusudia.

Wabillahi tawfiq.