Salamu kwa Mgeni

Ndugu Waislamu, Ibn Battuta alitoka kwao Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, peke yake, hana sahibu. Njiani aliandamana na wasafiri wengine hata wakafika Tunis. Watu wa mji wakatoka kuwalaki, huyu akimsalimu yule. Yeye hakusalimiwa na mtu, akalia. Haji mmoja akaitambua hali yake, akamwendea kwa salamu, akafuatana naye mpaka mjini. (Ndiye aliyefika Mombasa mwaka 1331, akawasifu wazee wetu kwa dini yao!)

Wasafiri kama yeye wangaliko. Ibnus-sabil, ambaye Qur'ani imemwekea fungu katika zaka, huketi safu ya nyuma msikitini mwetu, mzigo wake ubavuni. Twamaliza sala, twapeana mikono na jirani zetu, twampita. Ijumaa iliyopita, ni nani aliyemuuliza amelala wapi?